Wanja Katika Pembe ya Baruti

Uvira, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja, 1964

Kwa yaya wangu, kaka mkubwa Kasimu, Buyenzi, Usumbura

Amani ikufikie mbele ya maneno yangu, maana maneno yenyewe hayana amani ndani yake. Mimi nazaliwa tena kila asubuhi, alhamdulilahi. Binti yetu Bahati yuko kwa mume wake, kule Bwegera, mpunga wao haujachomwa. Aliyechukuliwa ni shemeji yako, mume wangu Asani.

Nikueleze polepole. Unajua askari wa serikali walirudi hapa mwezi uliopita na waasi wakapanda milimani. Tukasema tumepona. Kumbe waliorudi wamerudi na macho ya kutafuta, wanaingia nyumba kwa nyumba. Kwetu waliingia Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo, Asani ametoka kuoga kwa ajili ya sala, maji bado yanamtiririka shingoni. Wakafungua sanduku la marehemu bibi yake. Wakatoa ile pembe ndogo yenye kifuniko, na ile chupa ya shaba iliyobonyea tumbo, na kile chuma kama koleo chenye tundu la duara ndani. Liyetena, mkubwa wao, akavipanga juu ya mkeka wangu kama muuza samaki sokoni.

Akasema, "Hii ni vitu ya bunduki. Bunduki yenyewe iko wapi?"

Asani, unamjua, akiogopa anatania. Akamjibu, "Bunduki alienda nayo babu. Mukimukuta mumusalimie."

Liyetena hakucheka. Akafungua pembe, akamwaga kidogo kiganjani. Unga mweusi. Akauliza, "Na baruti hii, nayo ni ya babu?"

Nikasema, "Baba, hiyo ni wanja. Bibi yake aliweka wanja humo, na mimi naweka wanja humo."

Akasema mwanamke anyamaze. Wakamfunga Asani mikono kwa kamba ya nyavu aliyokuwa anaishona mwenyewe.

Sasa sikia shida yangu. Nilikwenda biro, ofisi yao, na jirani yangu Honorine, yule Mkatoliki mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu. Liyetena akatuambia hivi: kama kuna mtu anayejua bunduki, aandike kwa jina lake vitu hivi ni nini na ni vya zamani gani, karatasi itaingia mu dosiye, lile faili la kesi yake. Kama hakuna, vitu vitapanda kamyo kwenda Bukavu pamoja na Asani, na juu ya jina lake wataandika kwamba alikuwa na silaha. Yaya, wanaokwenda Bukavu na neno hilo hatujaona hata mmoja akirudi.

Wewe ulifanya kazi kwa yule Mgiriki, ulitengeneza bunduki za wawindaji mpaka ndevu zikaota. Hakuna mwingine ninayemjua. Niambie niangalie nini. Karani wa biro, Gaspard, ni mtoto wa dada yake Honorine, ataniacha nivishike.

Kila adhuhuri napeleka chakula kashoo, kule walikomfungia, bugali na sombe, samaki nikipata. Mlinzi anapokea mlangoni, simuoni Asani. Unakumbuka tabia yake, hajawahi kumaliza sufuria. Lazima aache tonge moja chini, anasema sufuria iliyolambwa inamwambia mgeni apite. Nimegombana naye juu ya tonge hilo tangu ndoa yetu. Siku hizi sufuria inarudi safi kabisa. Nasema moyoni, njaa ya kashoo ni njaa nyingine.

Anayebeba barua hii ni Ndikumana wa chumvi, anayepita mpaka wa Kavimvira. Mpe majibu yeye.

Mudogo wako anayekuombea kila sala,
Asha


Buyenzi, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, 1964

Asha, mudogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Mungu yuko. Acha kulia, au lia, lakini macho yafanye kazi wakati yanalia.

Mgiriki wangu alikuwa na msemo: usiangalie kitu kinang'aa vipi, angalia kimefungwa vipi. Watu wanabadilisha sura ya vitu, lakini namna ya kufunga inabaki ya wakati wake. Basi fanya hivi.

Pembe. Geuza uangalie kitako chake. Kimezibwa kwa mti. Huo mti umeshikwa na nini? Kama ni misumari ya duara ya dukani, ni pembe ya juzi. Kama ni misumari ya pembe nne, ya kufuliwa kwa nyundo, ni ya zamani. Kama hakuna msumari kabisa, niambie kuna nini. Na ukubwa wake: inajaa mkono, au ni ya vidole viwili?

Chupa ya shaba. Chukua ukucha, pita nao ubavuni. Utasikia mahali pande mbili zilipounganishwa. Mdomoni kuna ulimi mdogo, unafungua kwa kidole na unarudi wenyewe. Chuma kinachourudisha kiko nje au kiko ndani? Na kama mdomo umeandikwa tarakimu, nitajie.

Kile kama koleo kinaitwa kalibu. Ni cha kumwagia risasi iliyoyeyushwa, zitoke duara. Angalia kama kina kisu cha kukata mkia wa risasi. Halafu angalia ndani ya tundu. Ni jeusi, au linang'aa? Hili usilisahau, Asha. Tundu linalong'aa limetumika karibuni.

Unga mweusi wa pembe siuogopi. Baruti ukiigusisha moto inaruka, inatoa moshi mweupe na harufu ya yai bovu. Wanja wa manga hauujui moto. Lakini usije ukafanya mchezo huo mbele ya askari mwenye kidole kwenye bunduki. Nakukataza kama mkubwa wako.

Wako,
Kasimu


Uvira, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja, 1964

Yaya Kasimu,

Barua yako imefika, lakini imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa kwa bugali. Bugali wenyewe haukuiva. Anayesoma barua za watu angalau ajifunze kupika. Na wewe unayesoma sasa hivi pale bariyeri ya askari mpakani, salamu aleikum, mimi ni mwanamke ninayeuliza habari za pembe, sina siri nyingine.

Nimekwenda biro. Liyetena alikuwa ametoka kwenda kunywa chai, Gaspard akanifungulia kabati na kukaa mlangoni. Honorine akasema atasali rozari moja, mpaka aimalize niwe nimemaliza.

Pembe ni ndogo, ya vidole viwili kama ulivyosema, nyeusi, imelainika kama kisigino cha mtoto. Kitako chake hakina msumari hata mmoja. Kimeshikwa na vigingi vidogo vya rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Nikaviangalia mpaka nikavijua: ni miba ya nungu, imekatwa na kugongewa humo. Upande mmoja wa pembe kuna mfereji mahali kamba ilipokuwa inasugua. Yaya, kamba inayosugua pembe mpaka inachimba mfereji, hiyo ni kamba ya mtu aliyetembea sana.

Chupa ya shaba, ukucha wangu umesikia mshono pande zote mbili. Ulimi unarudishwa na chuma kilicho nje. Lakini chuma chenyewe si cha chupa, ni ubavu wa mwavuli. Mtu alikivunja cha kwanza akaweka cha mwavuli. Mdomoni kuna tarakimu tatu, ya kati imefutika, ya kwanza ni mbili na ya mwisho ni tatu.

Honorine alikuwa amefika fumbo la nne tuliposikia viatu. Liyetena akaingia. Akaniangalia, akaangalia kabati.

Akasema, "Mama, unanunua ao unauza?"

Nikasema, "Naangalia mali yangu kama iko inakula vizuri."

Akasema, "Mali ya serikali sasa."

Nikamwambia, "Serikali ilikuja lini kupaka wanja?"

Gaspard akaangusha kalamu. Liyetena akaniambia nitoke, lakini alisema polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kamyo ya Bukavu inangoja barabara ikauke. Harakisha karatasi yako, yaya wangu.

Sufuria bado inarudi safi.

Asha


Buyenzi, tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, 1964

Mudogo wangu Asha,

Barua hii nimempa Ndikumana aishone ndani ya gunia, kwa hiyo nitasema wazi.

Kwanza habari za vitu. Pembe ndogo namna hiyo haikuwa ya kujazia mtutu. Ilikuwa ya baruti laini, ile ya kutia kidogo tu kwenye kisahani cha gumegume, bunduki ya jiwe, ili cheche ishike. Bunduki za fataki, zisizotaka cheche ya jiwe, zilipokuja, hakuna tena aliyehitaji pembe hiyo. Kwa hiyo pembe yenu ni kongwe kuliko vyote, ni ya yule babu wa babu aliyekuja na misafara kutoka Ujiji. Ndiyo maana wanawake waliipata mapema kuwekea wanja: wanaume walikuwa hawana kazi nayo. Chupa ya shaba ni ya nyuma yake, ya wakati wa fataki, na zile tarakimu ni vipimo vya baruti ya mtutu. Ubavu wa mwavuli pale mdomoni unaniambia ilitumika mpaka ikachoka, na fundi wa kwao alikuwa maskini kama sisi. Mtu hawezi kwenda vitani mwaka huu na vitu viwili ambavyo havikuwahi hata kutumika kwa bunduki ya aina moja. Hilo ningeweza kuliapia.

Lakini, Asha, nilikuuliza juu ya kalibu. Nilikuambia usisahau. Umeniandikia kuhusu nungu, kuhusu mwavuli, kuhusu kalamu ya Gaspard. Kalibu hukuitaja hata kwa neno moja. Mimi nilikulea baada ya mama kufa. Ukinyamaza nakusikia.

Najua waasi wale wa mwezi wa tano walikuwa na magobori na walitafuta risasi kila mahali. Simhukumu shemeji. Mtu akielekezewa mkuki anayeyusha alichoambiwa ayeyushe. Lakini siwezi kuweka jina langu chini ya karatasi inayosema kalibu ile ni ya babu tu, halafu wakaangalia ndani na kukuta inang'aa. Huku ng'ambo ya mpaka nilipo mimi ni mgeni. Mkongo anayeandika habari za bunduki na kuzipeleka kwa wanajeshi anafukuzwa kesho yake, na watoto wangu pamoja nami.

Sasa la mwisho, nalo nimelibeba siku nyingi bila kukuambia. Watu waliovuka Kavimvira wanasema waliokamatwa Ijumaa ile walitolewa kashoo zamani, wakapelekwa upande wa Kalundu, na hawakuonekana tena. Nilipokuwa nakuuliza habari za misumari nilikuwa nimeshasikia. Nilitaka tu mikono yako iwe na kazi. Na sufuria, mudogo wangu, wewe mwenyewe umeniandikia mara mbili kwamba inarudi safi. Asani hakuwahi kulamba sufuria. Nadhani unajua ni nani anakula.

Acha pembe. Acha dosiye. Kaa eda ya mume wako kama dini inavyotaka, halafu uvuke uje huku. Shangazi na wengine wote wa Buyenzi wamekubali neno hili. Chumba kiko.

Yaya wako anayekupenda,
Kasimu


Uvira, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili, 1964

Yaya Kasimu,

Mungu akulipe kwa chumba. Sikuji.

Barua yako nilisoma mara moja tu. Nikaiweka chini ya msala, nikasali, nikakaa hapo mpaka jua likapanda. Nilikuwa nakasirika. Kisha nikaona sikukukasirikia wewe, nilikasirikia sufuria. Ndiyo, nilijua. Siku ya tatu tu nilijua si yeye anayekula. Niliendelea kupeleka, kwa sababu siku nitakayoacha kupeleka nitakuwa nimekubali.

Lakini kukubali hawajanipa sababu. Nani ameona? "Watu waliovuka." Watu waliovuka walisema pia kwamba Uvira yote imechomwa, na mimi nakuandikia nikiwa chini ya paa langu. Eda inakaa juu ya kifo, haikai juu ya uvumi. Sijaona kaburi, sijaona nguo, sijaona mtu aliyesema mimi nilikuwepo. Nikikaa eda leo, ni mimi ninayemuua.

Basi nikakumbuka pembe.

Niliamka, nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa kitenge kile cha majani anachokipenda. Nikabeba nyavu ya Asani kichwani. Honorine alikuwa anafagia.

Akasema, "Mama Bahati, unaenda harusi na nyavu?"

"Naenda biro."

"Basi ngoja nivae viatu. Wakikuua nani ataniazima chumvi?"

Tukaenda. Yeye na rozari, mimi na tasbihi, watu wanatutazama kama wake wenza wanaokwenda kumshitaki mume mmoja.

Liyetena alikuwepo, na vile vitu vilikuwa juu ya meza, kwa sababu kamyo inaondoka wiki hii. Akaniuliza, "Karatasi iko wapi?"

"Karatasi sina. Niko na mdomo."

"Mdomo haiingie mu dosiye."

"Gaspard anajua kuandika. Aandike mdomo."

Akaegemea kiti, akasema, "Sema, tusikie." Nafikiri alitaka kucheka kabla ya chakula.

Nikamwambia yote uliyonifundisha. Nikamgeuzia pembe, nikamwonyesha miba ya nungu, na kwamba hakuna msumari, na mfereji wa kamba. Nikamwambia hii ni ya bunduki ya jiwe, na chupa ni ya bunduki ya fataki, na babu mmoja hakumuona mwenziwe akiwa kijana. Nikampitisha ukucha wake mwenyewe kwenye mshono wa shaba. Alikubali, yaya. Alipitisha ukucha.

Akauliza, "Nani alikufundisha hii?"

Nikajibu, "Mutu wa akili nyingi. Ila jina lake liko na homa, halikuweza kusafiri."

Nisamehe, lakini ndivyo nilivyosema.

Halafu akachukua kalibu, akaifungua mbele ya dirisha. Akasema, "Na hii? Ndani inang'aa kama jino. Hii si ya babu. Mutu aliyeyusha risasi mwaka huu."

Honorine akanishika mkono kwa nguvu.

Nikasema, "Ndiyo. Mume wangu."

Gaspard akaacha kuandika. Mimi nikafungua nyavu, nikaitandaza sakafuni mpaka mlangoni. Yaya, hili ndilo sikulijibu. Barua yako ilikuwa imefunguliwa, ulikuwa umeshaandika humo tundu linalong'aa ni la karibuni, ningekujibuje na yule mpika bugali wa bariyeri anasoma? Wewe ukafikiri nimenyamaza kwa sababu ya waasi. Umesahau shemeji yako ni mtu wa nyavu. Ukingo wa chini wa nyavu lazima uwe mzito, ama sivyo ndagala wanapita chini wanaenda zao. Risasi za uzito za dukani ziliisha tangu Wabeleji waondoke. Asani akayeyusha mabomba ya zamani na kumwaga ndani ya kalibu ya babu yake. Anatoa duara, anaipasua kwa kisu nusu, anaing'atisha kwenye kamba. Nusu ya nyavu za Mulongwe ziko na risasi zake.

Nikamwambia Liyetena, "Chukua moja, uweke mu kalibu."

Akainama, akabandua moja. Akaiweka. Ikakaa kama yai ndani ya kiota.

Nikasema, "Sasa angalia tumbo yake. Imepasuliwa. Ya kumupiga nani hii? Ndagala?"

Gaspard akakohoa mpaka akatoka machozi.

Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza na sikuona sababu ya kusimama: "Wale wa mwezi wa tano nao waliitaka kalibu hii. Asani akawaambia imezoea samaki, haijui watu. Wakamupiga mateke, mbavu ziliuma mpaka mwezi wa saba, muulize Honorine aliyemukanda. Wao walimupiga kwa sababu alikataa. Nyinyi mumemufunga kwa sababu munafikiri alikubali. Mutu akae wapi?"

Liyetena akaitoa ile risasi, akaiweka mezani. Kisha akagonga pembe kwa kidole. "Na baruti?"

"Uko na kiberiti?"

Ulinikataza, najua. Honorine naye alijua baruti ni nini. Alitoka mule biro kwa haraka ambayo hajawahi kuingia nayo kanisani. Nikamwaga unga kidogo juu ya kifuniko cha kopo, nikawasha, nikagusisha. Kiberiti kikawaka mpaka vidole vyangu, kikazima. Unga ukabaki unatutazama.

Liyetena akasema, "Baruti ya zamani inaoza. Labda imeoza." Na kweli, yaya, hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa mwisho kabla ya kulala.

Basi nikachukua kijiti, kile kilichochomekwa ndani ya kifuniko cha pembe, cha bibi yake Asani. Nikasema bismillahi. Nikapaka jicho la kulia, nikapaka jicho la kushoto, pale pale, bila kioo.

Nikamwambia, "Baba, weye si wa dini yetu, nikufundishe. Kwetu mwanamuke aliyefiwa hapaki wanja. Miezi minne na siku kumi, hapaki. Muji wote unaniambia nikae eda. Yaya yangu ananiambia. Mulinzi wa kashoo anakula bugali yangu na kuniangalia kwa huruma. Minye nimepaka wanja mbele yako. Maana yake nimesema mbele ya Mungu wangu, mume wangu iko hai. Kama yuko hai, sikukosa. Kama mumemuua, nimemukosea Mungu, na ni weye uliyeniacha nikose huku unaangalia. Sasa uniambie. Nimekosa, ao sikukosa?"

Nje nilimsikia Honorine anataja mama wa Mungu. Wanja ulikuwa unaniwasha, sikufuta.

Liyetena akachukua pembe, akaifunga kifuniko taratibu. Akasema, "Bibi yangu aliweka tumbaku mu pembe kama hii. Alikuwa ananituma nimuletee." Akaiweka mezani. Bila kuniangalia akasema, "Hukukosa, mama."

Nikainama, nikaanza kukunja nyavu.

Akasema Asani alihamishwa kambini tangu wiki ya kwanza, anashona turubai za kamyo kwa sababu hakuna mwingine mwenye mkono huo. Sufuria nisipeleke tena kashoo, nimpe Gaspard. Akasema kamyo ya wiki hii itaondoka bila yeye. Lakini kumtoa kabisa, dosiye inataka jina la mtu wa bunduki. Jina langu limeandikwa hapo, nimesinya mwenyewe kwa mkono wangu, nalo halitoshi kwa sababu mimi ni mke.

Nimekuambia kila kitu sasa. Neno la askari ni neno la askari. Nangoja sufuria iniambie. Wewe fanya unachoweza mbele ya Mungu. Sikulaumu kwa watoto wako. Ila usinitumie tena habari za chumba.

Nimepaka wanja leo pia. Nitapaka kesho.

Asha


Buyenzi, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili, 1964

Asha,

Jina langu limepona homa.

Karatasi iko ndani ya barua hii, nimeisinya mara mbili, kwa herufi za Kizungu na kwa herufi zetu, wasije wakasema hawakuweza kusoma. Nimeandika pembe, chupa na kalibu, kila kimoja na umri wake na sababu ya umri wake. Juu ya kalibu nimeandika inang'aa na kwa nini inang'aa. Mpika bugali wa bariyeri asome akitaka, nimemwachia nafasi pembeni aweke na yeye jina lake.

Mke wangu ameniuliza kama nimerukwa na akili. Nimemwambia nimelea mtu, na sasa nalipwa.

Shangazi ameapa hatakusemesha kwa sababu umepaka wanja wakati watu wanakulilia. Kisha ametuma kipande hiki cha jiwe la wanja, kizuri, cha Hijazi, anasema kile cha kwenye pembe ni kizee kitakuharibu macho. Usimwambie kwamba nimekuambia ni yeye.

Kama sufuria itasema vingine, niandikie hata hivyo. Nitavuka mwenyewe.

Kasimu


Uvira, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili, 1964

Yaya wangu,

Karatasi yako nimeipeleka mwenyewe, haikulala nyumbani. Liyetena ameisoma kwa kidole mpaka mwisho. Akasema Asani atatoka Jumatatu. Nimemwambia Jumatatu nitakuwa hapa kabla ya bendera.

Ruhusa ya kambi ilichelewa, chakula niliandaa juzi tu, bugali na mukeke wa kukaanga, Gaspard akaondoka nacho kambini. Nikamngojea palepale kwenye geti, Honorine kando yangu. Alikataa kukaa nyumbani. Tulingoja mpaka kivuli cha geti kikatufikia miguuni. Honorine akamaliza rozari moja, akaanza nyingine.

Gaspard akarudi na sufuria imefunikwa. Mlinzi wa geti akaniambia, "Mama, fungua tuangalie." Nikamwambia aangalie kwa macho yake, mikono iwe mbali.

Nikafunua. Mifupa ya samaki ilikuwa imepangwa pembeni. Na chini kabisa, katikati, tonge moja la bugali, limefinywa kwa vidole vitatu, na shimo la kidole gumba juu yake kama anavyofanya siku zote.

Honorine akaanza kulia kwa sauti, mpaka mlinzi akauliza nani amekufa. Nikamwambia, "Hakuna."

Nikalichukua lile tonge, nikalila nimesimama pale getini. Lilikuwa limepoa na kukauka juu. Wanja ukanitiririka mpaka kidevuni, nikauacha. Kisha nikamkabidhi Honorine sufuria, nikageuka kurudi biro, kuwadai pembe yangu.

Mudogo wako,
Asha, mke wa Asani